Ziara ya Somo ya Kiranja Ngiri

– Paukwa!

– Pakawa!

– Nani anabisha?

– Ngano.

– Imetoka wapi?

– Imetoka shule.

– Imebeba nini?

– Imebeba daftari.

– Basi ifungulieni mlango, ikae kitako. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, ngano haipendi kushindana na meno.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana mitihani ilikuwapo tayari, wanyama walikuwa na shule yao ya sekondari. Iliitwa Kichuguuni, kwa sababu ofisi ya mwalimu ilikuwa juu ya kichuguu, na madarasa yalikuwa popote penye kivuli. Mwalimu wa Jiografia alikuwa Mbayuwayu. Ndege mdogo, mkia panda, lakini dunia ameizunguka. Kila mwaka huenda Ulaya, kila mwaka hurudi, na hajapotea hata mara moja. Mwalimu mwingine akisema bahari ni kubwa, amesoma. Mbayuwayu akisema bahari ni kubwa, mabawa yanamuuma.

Shule nzima ilikuwa na ramani moja na kitabu kimoja cha Jiografia. Ramani ilichorwa juu ya turubai, pana kama mkeka wa harusi. Kitabu kilikuwa kinene, kimekaa kabatini pamoja na ramani, na wanafunzi walivisoma kwa zamu. Leo Nungunungu, kesho Digidigi, keshokutwa Pimbi. Hivyo hivyo, mpaka kila mmoja akafika kwenye milima, mito na mawe yake.

Kiranja wa shule alikuwa Ngiri. Mwili kama pipa, meno mawili yamepinda nje ya mdomo, na kidato cha nne alikuwa amekikalia mwaka wa tatu. Hakuwa mjinga, msimsingizie. Alikuwa mvivu, tena mlafi, na mtu akiwa na hayo mawili ujinga hauna haja ya kuja, nafasi yake imeshachukuliwa.

Sasa, pale Kichuguuni mwanafunzi anayeongoza mtihani wa Jiografia hupewa shamba la shule la mihogo, avune na kula peke yake msimu mzima. Ngiri alilitazama shamba lile kila jioni akitokwa na mate. Krr! Krr! Akasema moyoni, "Nikisoma sana, nitachoka. Wengine wasiposoma, sitachoka." Basi wiki tano kabla ya mtihani wa mwisho, kabati likakutwa wazi. Ramani hakuna. Kitabu hakuna.

"Mchwa!" Ngiri akasema, mbele ya shule nzima. "Mchwa wamekula! Tunasomea juu ya kichuguu, mlitegemea nini?"

Wanyama wakatazamana. Mchwa gani anakula kitabu na kufungua kitasa? Lakini nani aseme? Meno yale mliyasikia nilivyoyataja.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Pimbi. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana mkilikosa hili mmeikosa ngano.

Pimbi ni mnyama mdogo, hana mkia, kwao ni mawe, na kazi yao kubwa ni kuota jua. Wakiota jua, lazima mmoja akae juu ya jiwe la juu kabisa kuangalia tai. Tai akitokea, mlinzi anapiga mluzi, fyiii! Wote wanazama kwenye nyufa. Wote, isipokuwa mlinzi, ambaye ufa uko mbali naye. Zamu hiyo kila pimbi aliikaa siku moja kwa mwezi, akimwomba Mungu jua lizame haraka.

Pimbi wetu alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kwenda sekondari, na kwa sababu ya shule alikuwa hakai zamu. Wazee walimwita. "Mjukuu wetu," wakasema, "shule nenda. Ukifaulu Jiografia, hutakaa zamu tena, utawafundisha watoto. Ukifeli, zamu zote ulizokwepa utazilipa. Utakaa kila siku, mpaka uzeeke." Walisema hivyo kwa upole kabisa. Lakini hakuna pimbi aliyekaa zamu kila siku akazeeka.

Sasa ramani imepotea. Na swali la kwanza la mtihani, lile la lazima, ni la kusoma ramani. Mawe Pimbi aliyajua, alizaliwa juu yake. Mvua aliijua. Ramani alikuwa ameigusa mara mbili tu. Usingizi ukamruka, chakula kikamshinda, akawa akitazama mawingu anaona mabawa.

Wiki ikapita. Siku moja, mvua imenyesha na jua limetoka, Pimbi alikuwa juu ya jiwe la juu akikausha manyoya. Akatazama kule kwenye migunga. Akaona kitu cha rangi ya bahari kimetandazwa juu ya kichaka, mlangoni kwa Ngiri. Ilikuwa ramani! Shimo lilikuwa limevuja, na Ngiri ameanika tandiko lake.

Pimbi akakimbia mpaka kichuguuni, tiki tiki tiki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Pimbi. Mbona unahema?"

"Ramani nimeiona, Mwalimu. Ipo kwa kaka Ngiri. Imeanikwa."

Mbayuwayu akatikisa mkia wake panda. "Nakuamini. Lakini nikifika itakuwa imeshaingizwa ndani. Nikimuuliza atasema mchwa. Na nikisema akakaguliwe, nani ataingia mle?"

Ilikuwa kweli. Ngiri akienda kulala huingia shimoni kinyumenyume. Makalio yanatangulia, meno yanabaki mlangoni. Kuingia kwake akiwamo ni kuomba kutobolewa.

"Niletee maandishi," Mwalimu akasema. "Maandishi yenye jina juu. Hapo nitasimama." Walimu bwana, hata nyumba ikiungua watakuomba barua.

Pimbi akarudi akiwa mnyonge. Maandishi! Nani aandike? Digidigi aliogopa hata kivuli chake. Nungunungu alisema ana miiba ya kutosha, hahitaji matatizo ya ziada.

Je, mpo?

– Tupo!

Basi kaeni hapo hapo.

Kesho yake Mwalimu akatangaza habari mbili. Ya kwanza, wiki mbili zijazo kutakuwa na mtihani wa majaribio. Ya pili ilihusu swali la ziara ya somo.

Mnalijua swali hilo? Mwanafunzi anatakiwa aeleze ziara aliyokwenda kujifunza Jiografia nje ya darasa. Pale Kichuguuni hakuna aliyewahi kwenda ziara yoyote. Lakini lilikuwapo jibu moja la zamani, limerithishwa kutoka kidato hadi kidato, na wote walilikariri: "Tulikwenda mtoni. Tulibeba kalamu, daftari na kamba ya kupimia. Tulikutana na matatizo yafuatayo: jua kali, mvua kubwa, na wanyama wakali." Chui aliandika hivyo. Nyati aliandika hivyo. Hata Mamba, ambaye mto ule ndio kwao, aliandika kwamba alitishwa sana na wanyama wakali.

"Mwaka huu," Mbayuwayu akasema, "atakayenipeleka mtoni nampa sifuri. Kila mmoja na ziara yake. Na kila kipimo kiwe cha kweli, maana nitakikagua."

Darasa likanung'unika. Ngiri alinung'unika kuliko wote, krr, krr, krr, maana mto ule ndio jibu pekee alilokuwa nalo kwa miaka mitatu. Pimbi akamtazama akinung'unika. Akaendelea kumtazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu kabati likutwe wazi, akasikia njaa.

Mchana ule Ngiri alikwenda kugaagaa kwenye matope, kama kawaida yake. Pimbi akasimama chini ya kichuguu cha shule, akatazama jua liko wapi, akaanza kuhesabu hatua. Kaskazini-mashariki, tiki tiki tiki, mpaka kijito kikavu. Akavuka. Mashariki kamili, tiki tiki tiki, mpaka mgunga uliovunjika tawi. Chini ya mgunga, shimo.

Akachungulia. Ramani ile pale, imetandikwa. Kitabu kile pale, kimebonyea katikati palipolala kichwa cha Ngiri. Akavuta upindo wa ramani kwa meno, haikujongea. Akasikia kwa mbali, krr, krr. Akatoka mbio, miguu haigusi chini.

Nyumbani akakaa na daftari. Alijua kwamba hatua zake nne ni hatua moja ya Ngiri, basi akazigawa zote kwa nne. Hiyo ndiyo skeli, wanangu, wala haina uchawi. Akaandika ukurasa mmoja, kwa maneno makubwa makubwa ya kitaalamu. Kisha akaenda kukaa njiani, mahali Ngiri hupita, akawa anausoma ukurasa ule kwa sauti na kuufunika kwa mkono.

Ngiri akatokea. "We kifupi! Unasoma nini?"

"Shikamoo, kaka kiranja. Hakuna kitu."

"Marahaba. Hakuna kitu ndicho unachokifunika?"

"Ni ziara yangu ya somo, kaka. Ya mtihani. Tafadhali usiniombe."

"Nani anaomba?" Ngiri akasema, akaukanyaga mkono wa Pimbi kwa kwato, akauchukua ukurasa. "Wewe utaandika nyingine. Una akili, utaipata."

"Kaka, nakuomba! Hiyo ndiyo ina alama zote kumi na tano!"

Ngiri aliposikia kumi na tano, masikio yakasimama. Akasoma mstari wa kwanza. "Hii 'mtafiti' ni nini?"

"Ni lugha ya kitaalamu, kaka. Mwalimu huipa alama mbili."

"Alama mbili? Basi ikae. Na hii 'rasilimali za umma'?"

"Ni lugha ya kitaalamu, kaka. Alama mbili."

"Ikae. Na hii 'mkaaji wa shimo hili'?"

"Ni lugha ya kitaalamu, kaka. Alama tatu."

"Tatu! Ikae, ikae!" Ngiri akaondoka amefurahi, mkia juu.

Kuanzia siku hiyo Ngiri akawa akizunguka kichuguu akikariri. Kukariri alikuwa bingwa. Neno likiingia halitoki, na halisalimiani na jirani yake. "Krr! Krr! Kaskazini-mashariki hatua mia mbili. Krr! Krr! Mashariki kamili hatua arobaini. Krr! Krr! Mlango unatazama magharibi." Mlango wake mwenyewe! Lakini Ngiri angejuaje? Kwao alirudi kila siku kwa kuzungukia shamba la mihogo, pua chini, akifuata harufu. Jua linachomoza upande gani wa nyumba yake hajawahi kuuliza.

Pimbi alikuwa akimsikia. Je, kama Ngiri ataelewa? Neno moja tu likimwelea, Pimbi hatangoja tai.

Mtihani wa majaribio ukafika. Kimya. Kalamu tu, chwi chwi chwi. Ngiri aliandika jina lake juu kwa herufi kubwa, NGIRI, KIRANJA, akamwaga ukurasa wote neno kwa neno, hakuacha hata nukta.

Siku ya tatu Mwalimu akarudisha karatasi. Ilikuwa desturi yake kusoma mbele ya darasa jibu lililopita mengine. Akashika karatasi moja kwa ukucha.

"Ziara ya somo," akasema. "Leo nasoma ya kiranja wetu."

Darasa likashangaa, loo! Ngiri akatoa kifua.

Mbayuwayu akasoma polepole. "'Lengo: kuchunguza makazi na matumizi ya rasilimali. Kutoka kichuguu cha shule mtafiti alielekea kaskazini-mashariki hatua mia mbili, akafika kijito kikavu. Alivuka, akaelekea mashariki kamili hatua arobaini, akafika mgunga uliovunjika tawi. Chini ya mgunga kuna shimo. Udongo ni mwekundu, wa kichanga. Mlango unatazama magharibi.'" Hapo Mwalimu akakunja karatasi. "Yaliyobaki tutayasoma tukifika. Jibu zuri namna hii lazima litembelewe. Kiranja, tangulia. Mwandishi ndiye kiongozi wa msafara."

Wakatoka. Hiyo ilikuwa ziara ya kwanza katika historia ya Kichuguuni. Ngiri mbele, darasa nyuma, Mwalimu juu hewani akielekeza kaskazini-mashariki iko wapi. Ngiri akahesabu kwa sauti, kwato zikigonga, ko, ko, ko. "Mia moja tisini na nane! Mia moja tisini na tisa! Mia mbili!" Kijito. Darasa likapiga makofi. "Thelathini na nane! Thelathini na tisa! Arobaini!"

Akasimama. Akaangalia mgunga. Akaangalia tena.

"Krr?" akasema. "Mbona mgunga huu ndio ninaojikunia?"

"Na mbona hapa mlangoni pana alama za makalio yangu?"

"Sasa naendelea," Mbayuwayu akasema, akatua kwenye tawi lililovunjika. "'Mkaaji wa shimo hili ni mtafiti mwenyewe. Ndani kuna rasilimali mbili za umma: turubai lenye ramani, linalotumika kama tandiko, na kitabu kinene, kinachotumika kama mto. Rasilimali hizi mtafiti alizihamisha mwenyewe kutoka kabati la shule. Matatizo: hakuna. Mapendekezo: zirudishwe.'"

Meno ya Ngiri yalikuwa nje pamoja na Ngiri, na shimo lilikuwa wazi. Pimbi akaingia. Nungunungu akamfuata, sasa kwa kuwa hatari imepungua amekuwa shujaa. Wakavuta, haya! Wakavuta, haya! Ramani ikatoka, ina tope upande wa Afrika Magharibi. Kitabu kikatoka nyuma yake.

Ngiri akageuka, macho mekundu. "Pimbi! Ni wewe uli–"

"Ngoja, Kiranja," Mwalimu akasema kwa sauti ileile ya darasani. "Nijibu kwanza. Karatasi hii uliandika kwa akili yako, au ulinakili ya mtu? Kama ulinakili, alama zote kumi na tano nazifuta. Kama ni yako, alama ni zako. Vipimo vyote nimevikagua, hakuna hata kimoja kilichokosea."

Ngiri akafikiri. Jambo hilo hakulizoea, jasho likamtoka. Huku wizi, huku alama. Akamtazama Pimbi, akalitazama shamba la mihogo kule mbali.

"Ni yangu," akasema. "Yote. Neno kwa neno."

"Hongera," Mbayuwayu akasema. "Kumi na tano juu ya kumi na tano. Sasa piga magoti."

Ngiri akapiga magoti pale pale, mbele ya shule, na akaambiwa kila chakula cha shule atakila hivyo hivyo mpaka muhula uishe. Muhula uliisha, yeye amezoea. Mkimwona ngiri leo porini anakula, tazameni miguu yake ya mbele.

Zilibaki siku kumi za kujiandaa. Ramani ikatundikwa kwenye mti, kitabu kikafungwa kamba kwenye kichuguu, wakasoma kwa zamu, na wakati mwingine wawili wawili. Pimbi alisoma mpaka mistari ya milima ikamwingia machoni, iliyobanana ni mteremko mkali, iliyoachana ni tambarare. Mtihani wa mwisho ukaja, ukapita.

Msidhani Pimbi aliongoza. Aliyeongoza ni Nungunungu, akachimba mihogo msimu mzima na hakumwonjesha mtu. Pimbi alikuwa wa nne. Lakini wa nne ni kufaulu. Alipanda mawe kwao na karatasi yake mdomoni, akaiweka mbele ya wazee. Wazee hawakujua kusoma, wakaigeuza juu chini, wakanusa, wakasema ni kweli. Mama yake akalia. Pimbi naye akalia, kwa sababu alikuwa na woga wa wiki tano na hakuwa ameulia hata siku moja. Kisha akalala juani chali, tumbo wazi, akafumba macho, hakumtafuta tai.

Ngano imefika kwao, mimi nimebaki kwangu. Ikiwa njema, ondokeni nayo. Ikiwa mbovu, iacheni hapa, nitajisimulia mwenyewe.

Ehe? Mnataka funzo? Mmezidi. Haya, funzo ni hili: wanangu, karirini. Karirini neno kwa neno, msielewe chochote, na msiulize nyumba yenu iko upande gani. Ngiri aliishi miaka yote hiyo, na siku pekee aliyosema kweli ni siku aliyokuwa amekariri.